Jiwe la Dadi

Mwezi wa Rajabu mwaka jana nilikuwa nimekaa na watoto wadogo wa chuo nikiwasomesha Suratul Maun. Ni sura fupi, aya saba tu, na watoto huihifadhi upesi. Lakini si desturi yangu kuwaacha waihifadhi kama kasuku, bali huwaeleza maana yake kwa Kiswahili kwa kadiri ya akili zao. Tulipofika mwisho wake, pale wanapolaumiwa watu wanaowanyima wenzao vitu vidogo vya nyumbani, nikawaambia kuwa Ibn Mas'ud (R.A.) alipovieleza vitu hivyo alitaja chungu, ndoo na shoka, navyo ni vyombo ambavyo majirani huazimana. Hapo mjukuu wangu, mtoto wa miaka saba, akainua mkono, akasahau kwamba chuoni huniita Maalim, akasema: "Babu, kama jiwe la Dadi?"

Watoto wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini walipokwisha kutoka nilibaki nimeketi juu ya mkeka, na kile kicheko kilikuwa kimenikauka midomoni. Maana jiwe la Dadi limo uani kwangu tangu mwaka 1983, na nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, hatta wake wa wanangu walioingia juzi, huliita hivyo: jiwe la Dadi. Hakuna aliyepata kuliita jiwe letu. Nami kwa zaidi ya miaka thalathini nawasomesha watoto wa watu habari ya vyombo vya kuazimana, na pembeni mwa kisima changu kimelala chombo cha mtu.

Yanipasa nieleze Dadi alikuwa nani. Alikuwa jirani yetu katika Mji wa Kale wa Mombasa, mwanamke wa Kiislamu wa Kikachi, mzaliwa wa Mandvi, bandari ya Kachi, ambako majahazi yalikuwa yakipakia na kushuka kwetu kwa pepo za kaskazi. Dadi kwa lugha yao ni bibi mzaa baba. Wajukuu zake walimwita hivyo, nasi watoto wa jirani tukafuata. Aliletwa Mombasa akiwa mwari, na katika mizigo yake mlikuwa na jiwe la kusagia bizari.

Vijana wa leo wengi hawajaliona jiwe la namna hiyo, basi nitaeleza. Ni mawe mawili. La chini ni bamba la jiwe jeusi gumu, urefu wake kama mkono kutoka kiko hatta ncha za vidole, limelazwa chini. Wahindi huliita sil. La juu ni gogo la jiwe la mviringo, mnene kama mkono wa mtu mwenye nguvu, nalo huitwa batta; sisi nyumbani tulikuwa tukiliita mwana. Mwenye kusaga huchutama au hupiga magoti mbele ya bamba, hulilowesha maji kwanza, kisha huweka pilipili nyekundu zilizorowekwa, giligilani, bizari nyembamba, tangawizi na kitunguu thomu, akalishika lile gogo ncha zote mbili na kulisukuma mbele na kulirudisha nyuma, kwa uzito wa kifua, si kwa nguvu za mikono. Killa mara hukusanya kwa ubavu wa kiganja yale yaliyokimbilia pembeni, akanyunyiza matone ya maji, akaendelea mpaka viungo viwe kitu kimoja laini kama malai. Akimaliza hulisuuza jiwe, na yale maji ya kusuuzia hayamwagwi, hutiwa katika mchuzi.

Uso wa bamba hauwi laini. Umechongwa kwa tindo, vitone vidogo vidogo vimeenea kote. Huko Bengali mafundi huchora hatta samaki juu yake. Vitone hivyo ndivyo vinavyoshika viungo visiteleze. Kwa kusaga killa siku huchakaa, jiwe likawa laini lisifae kitu, na ndiyo maana katika miji ya India walikuwako mafundi wanaopita mitaani na nyundo na tindo wakiita wenye mawe wayatoe yachongwe upya. Dadi hapa Mombasa hakumpata fundi wa kupita mlangoni. Alimwonyesha kazi hiyo mwashi mmoja, na siku akija tulikuwa tukikaa barazani kuzitazama cheche.

Jikoni kwake kulikuwa na mengine. Kulikuwa na kikopo cha duara cha viungo, ndani yake vikombe saba, na mkono wake ulikuwa ukijua pa kwenda bila ya jicho kutazama. Kulikuwa na chuma cha chapati, nao hukiita tawa, na kibao cha mduara chenye vijiguu, na kijiti chembamba cha kusukumia, kilichonenepa katikati. Chapati zake hazikuwa hizi zetu za kukunja kwa samli. Zilikuwa nyembamba, kavu, akizivimbisha juu ya makaa zikawa kama mpira. Na kulikuwa na sufuria kubwa za shaba, za biriani, ambazo ndani zilipakwa bati. Shaba tupu haipikiwi kitu chenye ukali, kama ndimu, ukwaju na maziwa ya mgando, kwani ukali huo huila shaba ikachanganyika na chakula, na chakula kikawa sumu. Kwa hiyo sufuria zilipelekwa kwa fundi, zikapashwa moto na kupakwa bati jipya. Hatta neno letu sufuria limetokana na neno la Kiarabu la shaba nyeupe na shaba nyekundu, ingawa leo killa sufuria sokoni ni ya alumini.

Namna ya kupika biriani ile ilikuwa hii: nyama na wali wa kuiva nusu hupangwa tabaka kwa tabaka, mfuniko huzibwa kwa unga uliokandwa, kisha makaa machache huwekwa chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Wao husema kupika kwa dam, yaani kwa pumzi. Sisi husema kupalia. Sidhani kama kuna haja ya kushindana nani alimfunza nani. Makaa juu ya mfuniko ni elimu ya mtu yeyote mwenye jiko la makaa na subira.

Watu wengi hudhani kwamba vyakula hivi vilikuja kwetu na reli, yaani na wale Wahindi elfu thalathini na zaidi walioletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896. Chapati huenda ikawa ilipanda bara pamoja nao. Lakini pwani ni jambo jingine. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake ndimu za achari, pilipili manga za achari, tangawizi mbichi na maembe. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi katika baraza ya Sultani Muhammad bin Tughluq, na huko akaandika habari ya sambusa za nyama ya kusaga, lozi, jozi na fustaki, zilizofungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Mtu mmoja alikula sahani hizi mbili katika pande mbili za bahari moja. Wala siku hizo hapakuwa na pilipili hizi nyekundu tunazolia kwazo leo, si kwa Wahindi wala kwetu. Hizo asili yake ni Marekani, na Wareno ndio walioziingiza katika bahari yetu baada ya mwaka 1500. Basi hatta viungo vya jiwe la Dadi vilikuwa vya wageni, nalo likavisaga vyote.

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Mwaka 1983 dada yangu mkubwa aliolewa. Nyumbani kwetu tulikuwa na kinu na mchi, na kinu hutwanga kikavu vizuri, lakini masala ya biriani ya watu mia mbili yalitaka jiwe. Mama akaenda kwa Dadi kuliazima. Wakaja vijana wawili wakalibeba, na mwana akaja na Dadi mwenyewe amempakata kama mtoto. Siku tatu wanawake walisaga. Na wiki ile ile, kabla hatujalirudisha, wanawe Dadi walipata khabari kuwa vibali vyao vimetoka. Walikuwa na pasi za Kiingereza na zamu yao walikuwa wakiingojea kwa miaka, na baada ya maduka ya Wahindi kuporwa Nairobi mwezi wa Agosti 1982 hawakutaka kungoja tena. Wakauza walivyoweza kuuza, wakafunga mizigo, wakaenda Leicester.

Siku ya kuondoka Dadi alikuja kumuaga mama. Mama akamwambia: "Shoga yangu, na jiwe lako?" Dadi akalitazama, na mizigo ya ndege hupimwa kwa kilo, akasema: "Kaa nalo."

Maneno mawili hayo, wasomaji wangu, yalikaa nyumbani kwetu miaka arubaini. Baba alisema ni hiba, ametupa. Mama alisema: "Amesema nikae nalo, hakusema nichukue." Alisema ni amana, na mwenyewe siku moja atatuma mtu. Baba alikuwa akimcheka, kwamba nani atatuma mtu kutoka Uingereza kuja kuchukua jiwe. Lakini mama hakuchekeka. Alilitumia kwa adabu, akiliosha na kuligeuza uso chini asije kuku akalikanyaga.

Nami nilikuwa na raha na kauli ya baba mpaka mwaka 1994. Mwaka huo ndio nilioanza kusomesha, na nilikuwa nikitengeneza mabao ya chuo hapo uani. Nyundo ilikuwa mbali. Yule mwana alikuwa karibu. Nikamshika kwa ncha moja nikapiga msumari mara tatu, na mara ya nne akakatika vipande viwili, mkato safi kama muhogo. Mama alikuwa sokoni. Aliporudi nikamwambia nimemkuta kaanguka kutoka kwenye ukingo wa kisima. Akaviokota vipande, akavitazama, akasema: "Haidhuru, mwanangu, jiwe nalo lina ajali yake." Akaendelea kusaga kwa kipande kilicho kirefu. Alifariki mwaka 2006, Mwenyezi Mungu amrehemu, na sikumwambia ukweli.

Mtu aliyesoma fiqhi hawezi kujidanganya kwa urahisi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kitu cha kuazima kikichakaa kwa kazi ile kilichoazimiwa, aliyeazima hana deni. Jiwe likiwa laini kwa kusagwa bizari hatudaiwi. Lakini likiharibika kwa kazi nyingine, yapasa kulipa. Na ikiwa ni amana tu ya kuwekewa, mwenye kuifanya nyundo amekwisha kuikhini. Nilijaribu mlango wa hiba, nao pia haukunifungukia, kwani sikuweza kusema kwa yakini kwamba yule mama alinuia kutoa. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya kwa vita vya Hunain, naye Safwan hajasilimu, alikubali wazi kwamba ni za kuazima na zina dhamana. Na siku bakuli la mmoja wa wakeze lilipovunjwa na mwenziwe, alikusanya chakula kilichomwagika, akampelekea mwenye bakuli bakuli zima, na lililovunjika likabaki katika nyumba ya aliyevunja. Hadithi hiyo niliwahi kuisomesha mara nyingi, na killa mara kisa kilipofika kwenye vipande macho yangu yalikwenda kisimani.

Basi baada ya lile swali la mjukuu wangu nikaenda Marikiti kwa mzee mmoja wa Kikachi anayeuza viungo, nikamwuliza ukoo ule. Haikuchukua siku mbili, nambari ya simu ikapatikana. Dadi alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1991. Aliyejibu simu ni mjukuu wake wa kike, tuliyecheza naye kibe barazani, sasa naye ni bibi mwenye wajukuu. Nilipojitaja akapiga ukelele: "Kaka! Wa nyumba ya mkwaju!" Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Mombasa ya mwaka 1983, hakikupata vumbi wala hakikukua.

Tulizungumza saa nzima, na mwingi wa mazungumzo ulikuwa jikoni. Aliniambia kuwa huko mihogo huuzwa madukani kwa jina la mogo, kwa sababu ya Wahindi waliotoka kwetu, na kwamba nyumbani kwao kisu bado ni kisu na fagio ni fagio, na wajukuu waliozaliwa Leicester hudhani ni maneno ya Kihindi. Kuku paka, yule kuku wa tui, hupikwa siku za wageni, na mbuzi ya nazi aliyochukua mama yake kutoka Mombasa inaning'inia ukutani ingawa tui sasa hutoka koponi. Nikamwambia nilisoma kuwa mtu wa kwanza kufungua nyumba ya chakula cha Kihindi London alikuwa Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna katika nyumba ya Kiislamu, mwaka 1810, na kwamba biashara ikamfilisi baada ya miaka miwili. Akacheka akasema, "Alitangulia mno. Wazungu hawajaizoea harufu." Wala hawakuizoea upesi: mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda na kupewa siku tisini, baraza la mji huo huo wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije kwao. Walikuja.

Kisha akanieleza habari ya Dadi, nami hapo nikanyamaza. Ghorofani walikokaa mwanzo hakukuwa na ua wala sakafu ya kuchutama. Alinunuliwa mashine ya umeme ya kusagia, akaitumia miaka minane, na miaka minane alilalamika. Alikuwa akisema visu vya mashine hukata viungo, havisagi, na kitu kilichokatwa hakitoi mafuta yake yote. Kwa hili nadhani alikuwa na haki. Watu wa Coimbatore, kusini ya India, katika miaka ya 1950 walipotaka kumpumzisha mwanamke na kazi ya kusaga mchele na dengu, hawakuweka visu. Walitia mota ya umeme na kuyaacha mawe yawe mawe. Lakini mashine hiyo haikumfikia Dadi. Mjukuu wake akaniambia: "Alikuwa akisema mbele ya watu, jiwe langu lipo Mombasa."

Lipo Mombasa. Nikamwuliza: alisema lipo, au alisema aliliacha? Akasema: "Alisema lipo."

Hapo nikamwambia khabari ya msumari. Nilikuwa sijamwambia mtu, hatta mke wangu. Kwanza akacheka, kisha kicheko kikakatika. Akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, lile bamba lilinunuliwa Mombasa. La kwanza lilipasuka zamani. Lakini batta ndiyo iliyotoka Mandvi. Ilikuwa ya mama yake."

Nilikuwa nimetafuta jiwe zima la badala. Nilikuwa nimelipata, zuri, kwa kina mama wawili waliokuwa wakivunja nyumba ya kale, na nililinunua kwa bei waliyotaja bila kuomba kupunguziwa. Nikamwambia nitampelekea hilo, kama ulivyo mwendo wa kisa cha bakuli. Hakulitaka. "Hilo zima kaa nalo," akasema, nami nusura nianguke kwa kusikia maneno hayo tena. "Niletee vile vipande."

Nikamwomba atamke wazi, kwa ajili ya nafsi yangu: bamba ni hiba au ni amana? Akasema yeye kwa upande wake ametoa, lakini yeye ni mrithi mmoja, na ndugu zake ni watatu. Aliahidi kuwauliza.

Vipande vilisafiri mwezi wa Shawwali na kijana wa mtaani anayesoma Uingereza. Vilikuwa na uzito wa kilo mbili na robo, na kiwanja cha ndege walimtoa pembeni wakamwuliza ni kitu gani. Akajibu ni mwana wa jiwe la kusagia, wakavipitisha mara mbili katika mashine yao kabla ya kumwachia. Nimeletewa picha yake. Vimewekwa juu ya kabati la vyombo, pamoja, mkato kwa mkato, na mtu asiyejua hawezi kuona kwamba viliachana.

Katika wale ndugu watatu, wawili wamekwisha kutamka kuwa wametoa. Wa tatu yuko Kanada na hajajibu. Basi bamba liko pale pale kisimani, uso chini. Mke wangu husaga kwa blenda, na ananung'unika, kwani bwana harusi wa mwezi wa mfungo sita ni mwanawe mwenyewe na biriani inataka jiwe. Nimemwambia tungojee. Na mjukuu wangu, ambaye ndiye aliyetutia katika haya yote, huja killa Ijumaa baada ya sala kuniuliza kama yule babu wa Kanada ameandika.